Mnyama wa Lango la Shemali

Kwenye lango la Shemali, mji wa mwisho kaskazini mwa nchi ya Ufumbi, mgeni haulizwi jina lake wala atokako. Huonyeshwa kwa kidole nembo ya mji iliyochorwa juu ya lango, kisha huulizwa, "Unaona nini?"

Mishi aliinua uso. Alikuwa ametoka mbali kusini kumtafuta dada yake Mwatime, aliyeolewa Shemali, na ambaye salamu zake zilikuwa zimekatika ghafla. Nyayo zilimwaka moto na koo limemkauka. Juu ya lango alimwona mnyama wa rangi ya dhahabu, manyoya ya shingo yamesimama, mbawa mbili zimetanda ubavuni. Lakini mchoraji wa kwanza alikuwa fundi hasa, na waliokuja nyuma yake hawakuweza kuifuta kazi yake yote. Macho ya mnyama yule yalikuwa ya upole na uchovu, tumbo limeshuka, kwato ndogo, mkia mwembamba wenye kishungi mwishoni. Mishi alikulia kwenye nyumba ya wafugaji. Hakuhitaji kufikiri.

"Punda," alisema.

Mlinzi wa lango, mtu wa makamo mwenye uso wa huruma, alitupa jicho huku na huku. "Sikusikia, mama. Tazama tena."

"Ana mbawa."

"Ehe!"

"Basi ni punda mwenye mbawa."

"Dada yangu, nina watoto nyumbani," mlinzi alisema kwa sauti ya chini. "Neno hilo ukilisema mara ya tatu nitalazimika kulisikia. Yule ni Mnyama Mtukufu. Sema hivyo, uingie, ukapumzike."

Mishi alisema hivyo, akaingia.

Mwatime alimpokea mlangoni kwa kilio cha furaha ambacho hakikukawia kugeuka kilio kitupu. Alikuwa amekonda, na midomo imempasuka. Ndani, kwenye mkeka, alilala mwanawe wa pekee, Kache, msichana ambaye Mishi alimwona mara moja tu, alipoletwa kwao angali akinyonya. Sasa alikuwa na umri wa kutumwa chumvi dukani, lakini kuhara kulikuwa kumemmaliza. Macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya mkono, ukiifinya, ilibaki imesimama vilevile.

"Karibu, mdogo wangu," Mwatime alisema, kisha akageuza uso ukutani. "Umekuja nyumbani kwangu na sina maji ya kukupa."

Mishi alidhani ni namna ya kusema. Akatazama pembeni, akaona mtungi umelazwa kwa ubavu kama chombo kisicho na kazi, akafahamu kwamba ni kweli.

Habari yenyewe haikuwa siri. Kila mtu Shemali aliijua, na Mwatime alimsimulia mdogo wake huku akimpepea mtoto. Wazee waliojenga mji ule juu ya nyanda kavu walikuwa wakimbizi. Walipofika walikuta upepo na mawe, na wakaanza kufa kwa kiu. Mwanamke mmoja kati yao alikuwa na punda jike, mkongwe, ambaye siku moja alikata kamba akapotea. Aliporudi, miguu yake ilikuwa imelowa matope. Walimfuata nyayo wakashuka genge hadi bondeni, na chini kabisa wakaikuta chemchemi. Tangu hapo punda yule alipanda na kushuka na viriba viwili vya maji mgongoni mpaka akafia njiani, na wanawe wakaendelea na kazi hiyo. Walipojenga lango, wakamchora juu yake kama alivyokuwa, na viriba vyake, ili watoto wajue ni nani aliyewapa uhai.

"Walikuwa watu wenye shukrani," Mishi alisema.

"Walikuwa na kiu," Mwatime alijibu. "Mtu akishashiba maji, shukrani humwia aibu."

Aibu ilianza na wageni. Wakuu wa miji mingine walipofika waliitazama nembo na kucheka viganjani. Gavana mmoja akaamuru masikio yafupishwe kidogo. Aliyemfuata akaongeza manyoya ya shingo. Baadaye vile viriba, ambavyo wakati huo vilikuwa vimefifia kwa jua, vikaonekana kuwa vinafanana na mbawa, na mchoraji akaombwa azikamilishe. Likaundwa Baraza la Maana, kazi yake kueleza kila mwaka kila mstari wa nembo unamaanisha nini: dhahabu ni heshima, mbawa ni fikra, kwato ni uthabiti. Waziri wa Maana akawa mkubwa kuliko waziri wa mashamba. Ndipo ilipogunduliwa kwamba picha haikuwa na dosari tena; dosari ilikuwa kwa punda wenyewe. Mtu aliyetoka kuitazama nembo, akishusha macho na kumwona punda anapita chini yake, hawezi kuyazuia macho yasilinganishe. Punda wakapigwa marufuku kuvuka lango, na neno lenyewe likafuata. Tangu hapo wachukuzi wa maji walipanda genge na ndoo mabegani, na mji mzima ulikunywa kile ambacho mabega ya watu wachache yaliweza kubeba. Wenye uwezo walipata. Mtaa wa Mwatime ulikuwa wa mwisho.

Mbaruku, mume wa Mwatime, alikuwa mmoja wa wachukuzi hao. Alirudi adhuhuri, ndoo iko nusu, bega moja limevimba na kuchubuka. Alimwamkia shemeji yake kwa heshima zote, akamnywesha mtoto, kisha akatoka kwenda kuwamiminia majirani waliokuwa wakingoja mlangoni na vikombe. Kilichobaki kiliutosha ulimi wa Mishi tu.

"Shemeji," Mishi alimwambia aliporudi, "mtoto huyu anahitaji maji mengi, tena kila saa. Hivi hatufiki."

"Najua."

"Mchukuzi wa maji hakosi punda. Wako yuko wapi?"

Mwatime alishtuka akafunga dirisha. Mbaruku alishusha sauti. "Yuko bondeni. Namlisha kwa siri. Namwita Subira."

Mume na mke walitazamana. Mishi aliona kwamba jambo lilikuwa limeamuliwa, na kwamba yeye ndiye aliyelisukuma.

Kesho yake asubuhi Mbaruku alipanda na Subira hadi langoni, viriba viwili vimejaa mpaka shingoni. Mlinzi yule wa makamo alimwona akamgeuzia kisogo, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mnyama akaingia mjini polepole, kichwa chini, kwato zikigonga mawe ya barabara. Mlio huo ulikuwa haujasikika Shemali kwa muda mrefu. Madirisha yakafunguka. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Watu wakatoka na vibuyu, sufuria, bakuli, hata kofia, na Mbaruku, badala ya kukimbilia nyumbani, hakuweza kuwapita. Alisimama akawamiminia. Mishi, aliyekuwa amekwenda kumpokea, alimvuta mkono.

"Mtoto, shemeji! Mtoto kwanza!"

"Na hawa je, nao si watoto wa watu?" Mbaruku alisema. "Kiriba cha pili ni chake. Hiki kimoja tu."

Kiriba cha pili hakikufika. Askari wa Baraza walitokea kwenye kona, na umati uleule uliokuwa ukinyoosha bakuli ukazificha chini ya nguo. Askari walipouliza nani ameona, wote walisema wameona, na midomo yao bado ilikuwa na maji.

Kesi ilisikilizwa papo hapo, kwa sababu Baraza la Maana halikuwa na kazi nyingine. Ukumbi ulikuwa mkubwa na wenye ubaridi, na wajumbe walikaa nusu duara chini ya nakala ya nembo iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Subira alifungwa kwenye nguzo nje. Viriba vililetwa ndani vikawekwa sakafuni kama vielelezo. Kimoja kilikuwa tupu. Cha pili kilikuwa kimejaa, ila mshono wake ulikuwa umetatuka askari walipokiburuta, na maji yalikuwa yakitoka tone kwa tone.

Waziri wa Maana, Mheshimiwa Kondo, alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Hakumkemea Mbaruku hata mara moja.

"Ndugu yangu, uliingiza nini mjini?"

"Maji, mheshimiwa."

"Juu ya nini?"

Mbaruku alielekeza kidole nje, kwenye nguzo. Neno lilikuwa haramu, na jingine hakuwa nalo.

Hapo mjadala ukaanza. Mjumbe mmoja alisema kosa si kuingiza mnyama bali kughushi nembo, kwani kiumbe mwenye miguu minne na vitu viwili vilivyotuna ubavuni, akipita chini ya lango, ni nakala ya Mnyama Mtukufu isiyo na kibali. Mwingine alipinga: kusema hivyo ni kukiri kwamba wanafanana, na kukiri huko ni kosa kubwa kuliko la mshtakiwa. Ukumbi ukavuma. Mzee mmoja, ambaye ilionekana moyo wake ni mwema, aliomba huruma. "Hatuwezi kusema kwamba yule aliyefungwa nje ni farasi, ila ni farasi aliyepata shida? Tukisema hivyo, mtu huyu hana hatia."

Walilizungumza pendekezo hilo kwa makini sana. Walitoka hata wajumbe wawili kwenda kumtazama Subira kama sura yake inaweza kuvumilia maelezo hayo. Mishi, aliyesimama nyuma na watazamaji, hakuwa akiwasikiliza tena. Macho yake yalikuwa kwenye kiriba. Lile dimbwi sakafuni lilikuwa limeshafika miguuni mwa meza ya karani.

Alipaza sauti. "Waheshimiwa, nawaomba. Nyumbani kuna mtoto anakufa kwa kiu. Mhukumuni huyu mtakavyo, lakini nipeni kikombe kimoja cha maji hayo nimpelekee."

Waziri Kondo alimtazama kwa masikitiko. "Mama, wewe ni mgeni, nitakueleza. Maji hayo ni ushahidi. Ushahidi haunywewi."

"Yanamwagika!"

"Yatakuwa ushahidi uliomwagika. Na jambo la pili, lisikuudhi. Umesema kiu. Shemali hakuna kiu. Mnyama Mtukufu aliimaliza, ndiyo maana tunamheshimu. Anayesema mtoto wa Shemali ana kiu anasema Mnyama Mtukufu alishindwa. Labda mtoto ana homa. Homa tunaikubali."

"Mwanangu ana kiu," Mbaruku alisema.

Ndilo neno pekee alilojitetea nalo, na ndilo lililomtia hatiani. Mzee aliyeomba huruma aliinama akawa anasafisha kucha zake.

Wakati hukumu inaandaliwa, Mishi aliwapita askari, akapiga magoti mbele ya ukumbi mzima, akavua mtandio wake na kuubandika kwenye lile dimbwi. Aliugeuza, akaubandika tena, mpaka ukaloa wote ukawa mzito. Hakuna aliyemzuia. Kanuni zilikataza kunywa ushahidi, lakini kuhusu kupiga deki hazikusema kitu. Akakimbia nao kifuani, maji yakimshuka tumboni kwa ubaridi.

Mwatime alikuwa amempakata mtoto. Mishi alikunja ncha ya mtandio akamkamulia Kache mdomoni. Maji yalikuwa na vumbi na harufu ya ngozi. Mtoto alifunga midomo juu ya kitambaa akafyonza mara moja, kwa nguvu ambayo hawakutegemea kuwa bado anayo, na Mwatime akacheka kwa matumaini.

"Anakunywa! Mishi, anakunywa! Mkamulie mengine."

Mengine yalimtoka pembeni ya mdomo yakashuka shingoni. Mishi aliendelea kukamua, na Mwatime aliendelea kumwita mtoto jina lake. Ilipita kitambo kabla hawajakubali, kila mmoja kivyake, kwamba waliyekuwa wakimnywesha hayupo.

Kache alizikwa jioni hiyohiyo bila kuoshwa kwa maji. Mbaruku hakuruhusiwa kuja. Subira alichinjwa nje ya mji, na Mbaruku alihukumiwa kumhudumia Mnyama Mtukufu: kupanda jukwaa la miti juu ya lango na kupaka dhahabu upya mpaka Baraza liridhike.

Lakini wanawake wa mtaa ule walikuwa wameuona mtandio. Walianza kukaa chini ya nembo kila siku, kimya, vibuyu vitupu vimepinduliwa mbele yao. Hawakudai wala hawakutukana, na kwa hiyo hakukuwa na sheria ya kuwaondoa. Baraza lilikutana siku kadhaa, milango imefungwa. Mishi alianza kutumaini. Alimwambia dada yake, "Wameogopa. Wataruhusu wanyama waingie, utaona."

Waziri Kondo alikuja mwenyewe nyumbani kutoa rambirambi. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani, akalia machozi ya kweli. Kisha akasema Baraza limeguswa sana na limeamua kwa kauli moja kumwingiza mtoto katika nembo.

Mwatime hakuelewa. "Kumwingiza wapi?"

"Juu ya lango, mama. Kati ya mbawa. Hakuna raia aliyepata heshima hiyo tangu mji uanze."

"Na maji?" Mishi aliuliza.

"Hilo ni suala la huduma," Waziri alisema. "Mimi ni wa maana."

Hivyo ndivyo Mbaruku alivyoamriwa kumchora binti yake. Walimpa vipimo na rangi. Alimchora siku ya kwanza kama alivyomwona mara ya mwisho, mashavu yamebonyea, na Baraza likamtaka amnenepeshe. Akamnenepesha. Wakamtaka amwekee kikombe cha dhahabu mkononi, akamwekea, na tabasamu pia. Alipomaliza alishuka ngazi, akaweka brashi chini, akapita langoni kuelekea bondeni bila kumwambia mtu neno, hata mkewe aliyekuwa amesimama pale chini. Wachukuzi wanasema alionekana siku mbili tatu karibu na chemchemi. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena kwamba amemwona.

Siku ya kuizindua nembo mpya mji mzima ulijaa langoni. Wale wanawake wa vibuyu walipewa viti vya mbele, na walivikalia. Waziri alieleza maana: huyu ni mtoto wa mwisho wa Shemali aliyewahi kuomba maji, Mnyama Mtukufu alishuka kwa mbawa zake akamnywesha, na tangu siku hiyo hakuna aliyeomba tena. Watu walipiga makofi. Mishi alimtazama dada yake akamwona anapiga makofi pamoja nao, polepole, viganja vikikutana bila sauti.

"Twende nyumbani," Mishi alimwambia wakati watu wanatawanyika. "Kule kwetu kuna mto. Hapa huna mume, huna mtoto. Unabaki na nini?"

"Nipe siku chache."

Siku chache zikawa nyingi. Sheria haikubadilika, ndoo zilizidi kuwa haba, na kwenye mtaa ule watoto wengine wawili walikufa kwa kile kilichoitwa homa. Wale wanawake hawakukaa tena chini ya nembo. Ilikuwa vigumu kulalamika mbele ya mtoto anayetabasamu, tena mtoto wa jirani yao. Mishi alipanda na kushuka genge na mtungi kichwani mpaka magoti yakagoma. Mwishowe akafunga mzigo wake, akaenda kumtafuta Mwatime, ambaye siku hizo alikuwa akitoka asubuhi bila kusema aendako.

Alimkuta langoni. Amevaa kanzu ya bluu ya watumishi wa Baraza, fimbo ndefu mkononi, na mbele yake wamesimama wageni waliotoka mbali. Alikuwa akiwaonyesha nembo, sehemu kwa sehemu, kwa sauti iliyonyooka: dhahabu ni heshima, mbawa ni fikra, kwato ni uthabiti. Fimbo ikapanda hadi kwa mtoto. Akasimulia jinsi Mnyama alivyoshuka, jinsi kikombe kilivyokuwa kizito, na jinsi mtoto alivyokunywa mpaka akatosheka, akajifuta mdomo, akacheka. Mgeni mmoja mwanamke alifuta machozi.

Mishi aliwasubiri waondoke.

"Dada, wewe! Wewe uliyekuwa umempakata! Unawezaje kusimama hapa na kuwaambia watu uongo huo?"

Mwatime hakukasirika. Alionekana kuchoka tu, na macho yake hayakumtazama mdogo wake bali yalipanda juu, kwenye uso ule wa mashavu manene.

"Uso wake wa kweli naujua, Mishi. Naukuta kila nikilala," alisema. "Lakini katika hadithi yao, mwanangu alikunywa."

Kundi jingine la wageni lilikuwa linakaribia. Mwatime alinyoosha kanzu yake, akainua fimbo, akaanza upya.